Siti ya Nyuma ya Pikipiki Yangu

Jumatano, 2 Julai

Nimeinunua! Nyekundu, mpya kabisa, nailoni za kiwandani bado zimeng'ang'ania kwenye tenki. Nimeapa sitazibandua. Zitabanduka zenyewe nikishazeeka.

Wembamba wake sasa! Kichwa kimeinama mbele, mkia umepanda juu. Siti ya nyuma ni ndogo, imeinuka, na inateremka kuelekea kwa dereva. Clever ameitazama akauliza kama siti hiyo ni ya kubebea paka. Wivu mtupu. Clever ni jirani yangu, ana pikipiki ya mizigo yenye keria pana nyuma, imefungwafungwa kwa mipira ya tairi kila mahali. Anabeba mbolea, kahawa, mbuzi na wagonjwa. Mtindo hana.

Hapa naandika ukweli maana hakuna anayesoma. Pikipiki hii ni kwa ajili ya Elina. Elina ni fundi cherehani, ana kibanda nyuma ya soko hapa Tunduma, lakini kwao ni Ruanda, huko Mbozi kwenye kahawa. Nampenda mpaka naumwa. Baba mdogo Yonathani, mshenga wangu, ameshapeleka posa. Baba yake Elina, Mzee Alinanuswe, amesema atatoa jibu Jumapili ya tarehe 13. Mpaka hapo naishi roho juu.

Tatizo ni Clever. Msimu huu anasomba kahawa ya familia ile, na Mama Elina humsifu mbele za watu. Mimi wameniona mara moja tu. Nilishuka kwenye kosta nikiwa nimetapikiwa na mtoto wa watu, kifuani kote. Hiyo ndiyo picha waliyobaki nayo. Lazima waione nyingine kabla ya Jumapili hiyo.

Muuzaji amenipa masharti. Injini bado mbichi. Kilomita mia tano za mwanzo nisizidi mwendo wa hamsini, nisiivute kwa ghafla, oili nibadilishe mapema, cheni niipake mafuta. Nimeitikia kwa adabu. Kwa mwendo huo nitafika Ruanda Krismasi.


Alhamisi, 3 Julai

Nimepata akili! Kumbe kilomita si lazima uziendeshe. Unaweza kuzizalisha.

Mpango: nimeinua gurudumu la nyuma kwa kreti mbili za soda, nikawasha, nikatia gia, nikaliacha lizunguke lenyewe hapo uani. Mimi nikaenda dukani kwangu kuuza makava ya simu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba jioni injini itakuwa imekomaa bila mimi kutoka jasho.

Mama mwenye nyumba akanipigia simu. Akasema kuna moshi uani na kuku wake wamekimbilia kanisani. Nimekimbia kama mwizi. Nimekuta injini inachemka, nailoni ya ubavuni imeyeyuka, na kilomita kwenye dashibodi ni zilezile za asubuhi. Haikuongezeka hata moja!

Nikamwita fundi Brayan. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti. Akaeleza kwamba pikipiki hii inahesabu kilomita kwa gurudumu la mbele, na kwamba injini ya aina hii inapozwa na upepo, sasa upepo gani utaikuta imesimama uani? Nimemwambia nilikuwa najaribu tu kitu fulani cha kitaalamu. Akauliza kitaalamu gani.

Jioni kijiwe kizima cha bodaboda kinajua. Clever amenipungia mkono akauliza safari ya uani ilikuwaje. 


Jumamosi, 5 Julai

Leo nilitaka tu kupita mbele ya kibanda cha Elina. Kupita, basi. Nikaosha pikipiki tangu alfajiri. Tairi nikaona zimepauka kwa vumbi la huku kwetu, nikazipaka dawa ya kung'arishia, zikawa nyeusi tii. Kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi nusu, nikapaka ubavu na uso wote unaokanyaga chini.

Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa ananunua vitenge akaisifu kwa Kibemba, akasema yaliwama, yaani nzuri. Nikageuza shingo ili nipokee sifa vizuri. Nikakata kona. Tairi haikukata nami.

Nililala chini mbele ya vitenge, mbele ya Elina, mbele ya Tunduma yote. Pikipiki salama, mchubuko kidogo kwenye kioo. Mimi suruali imechanika mahali ambapo hata kwenye shajara sitapataja. Elina alitoka na sindano na uzi, akanifunika kanga kiunoni, akanishonea suruali pale pale huku akisema hataki mwanaume wa kwenda kasi, anataka mwanaume wa kufika. Akaniomba niache haya mambo. Akasema ninyamaze tu, nisionekane Ruanda mpaka jibu litoke, maana mchumba anayejipitisha-pitisha kabla ya jibu wazee wake humwona hana adabu.

Nimemwahidi. Alinitazama kwa macho yale yake, nikamwahidi mara mbili.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Duka nimefunga. Nimeamua kumaliza kilomita kihalali, Tunduma hadi Vwawa na kurudi, na tena, na tena, kwa mwendo wa hamsini usiozidi.

Sijawahi kudhalilika hivi. Pikipiki imekaa mkao wa mashindano, mimi nimelala kifudifudi juu ya tenki, helmeti ina kioo cheusi, na napitwa na kila kitu. Nimepitwa na malori yaliyojaa shaba. Nimepitwa na trekta. Kwenye mteremko nimepitwa na baiskeli yenye magunia ya mkaa, na mwenye baiskeli akanigeukia akaniuliza kama nahitaji msaada. Kisha Clever! Ana mbuzi wawili kwenye keria. Hata mbuzi walinitazama.

Mwisho wa siku nikafika kwenye hatua ya kubadilisha oili. Dereva wa lori mmoja rafiki yangu, aliyekwama kwenye foleni ya mpakani, alikuwa amebakiwa na oili nzito kwenye dumu. Nikawaza: kama inaendesha lori la tani thelathini, pikipiki yangu itaruka. Nikamimina.

Haikuruka. Injini inanguruma, gurudumu linasitasita. Klachi inateleza. Ikabidi niisukume hadi kwa Brayan, kwenye kilima, wakati watu wanatoka kwenye sherehe. Brayan akaimwaga yote, akaweka inayostahili, akanifundisha kwamba klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo na oili ya lori inaiponza. Akaniomba, kwa upole kabisa, kabla ya kuwaza jambo lolote tena nimpigie simu kwanza.


Jumatano, 9 Julai

Baba mdogo Yonathani amepita dukani. Anasema amesikia kwamba kwa kina Elina mambo si mabaya, ila wanajadili. Mama Elina ameuliza kama mimi ndiye yule wa matapishi.

Wanajadili! Matapishi! Sikula mchana.

Nimepiga hesabu. Nimemwahidi Elina nisionekane Ruanda. Sikumwahidi kwamba pikipiki isionekane. Nikipita tu barabarani, taratibu, na helmeti usoni, nani atasema Luka Sichone amekosa adabu? Wataona chombo. Watauliza cha nani. Mtu atawaambia. Mimi nitakuwa nimeshapita.

Mpango huu hauna dosari. Brayan sijampigia, maana hii si habari ya injini.


Ijumaa, 11 Julai

 Niandike kwa utaratibu.

Nilifika Ruanda mchana. Baridi ya Julai inakata masikio, kahawa nyekundu mashambani, kila mtu yuko kwenye kuchuma. Nikapita mbele ya nyumba yao. Hakuna aliyegeuka. Nikarudi nikapita tena. Nikapiga honi kidogo. Mara ya nne Mama Elina mwenyewe akatoka mbio, kitambaa kichwani kimelegea, ananipungia nisimame!

Nikafikiri imefanya kazi. Pikipiki imemwita!

Kumbe amepigiwa simu. Violet, dada yake Elina, ameshikwa uchungu, amefikishwa hospitali kule Vwawa, yuko peke yake, mumewe yuko safarini, na analia anamtaka mama. Ni uzazi wake wa kwanza. Magari yote ya njia ile yameshabeba kahawa yamekwenda. Mama ana kikapu cha kanga na chupa ya uji, hana usafiri.

Nikatoa helmeti. Akanitambua. Akarudi nyuma hatua na kuinamisha uso.

Hapa lazima nieleze. Kwao mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Si chuki, ni heshima yenyewe. Na siti yangu ya nyuma, ndogo, iliyoinuka, inateremka kuelekea kwa dereva. Yeyote anayeikalia anaishia mgongoni mwangu, apende asipende.

Mama aliitazama siti ile kwa muda. Majirani wakakusanyika, na Mzee Alinanuswe alikuwa shambani mbali. Kisha mama akaniuliza kwa sauti ya heshima kabisa: nimekuja pale kama mkwe, au kama mwenye pikipiki? Kama ni mkwe, yeye hapandi, ataanza kutembea. Kama ni kijana wa watu mwenye pikipiki, atapanda.

Nilikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nalo mdomoni! Nilitaka kusema mimi ni mkwe, mama, nakimbia kukutafutia usafiri mwingine. Halafu jirani mmoja akasema mama asijisumbue, Clever anakuja kufuata magunia, yeye ana keria pana, mama atakaa huko nyuma bila kumgusa mtu.

Clever!

Nikasikia mdomo wangu unasema, mbele ya watu wote, kwamba mimi si mkwe wa mtu. Mimi ni mwenye pikipiki tu. Panda, mama.

Akapanda. Nikavuta, akateremka mgongoni. Nikashika breki kwenye shimo la kwanza, akanikumbatia kiunoni na mikono yote miwili, kikapu kikanipiga kisogoni. Tulipofika lami nilikuwa kwenye hamsini yangu. Mama akauliza mbona nakwenda kama nasindikiza jeneza. Nikamweleza habari za injini mbichi. Akasema mwanaye anajifungua.

Nikavuta. Sitini. Sabini. Themanini! Injini yangu! Nilitaka kulia. Na mama nyuma yangu ndiyo kwanza anapiga kelele, mwanzoni nikadhani anaogopa, kumbe anasema kaza, mwanangu, kaza! Tuliwapita wale wote walionipita Jumatatu. Mama alikuwa anacheka. Sijui kama mtu amewahi kumsikia mama yule akicheka hivyo.

Tukaingia Vwawa amenikamata kama gunia. Mbele ya soko walikuwa wamesimama kina mama wanne wa kwaya ya kanisa lao. Wakatuona. Mmoja akaangusha nyanya.

Mama alifika Violet akiwa bado anapambana. Alimshika mkono mpaka mwisho. Mtoto wa kike, mzima. Mama alitoka nje kuniambia mwenyewe, machozi yanamtoka, na safari hii hakuinamisha uso. Akaniita mwanangu mara tatu. Nimerudi Tunduma nikiimba njia nzima.


Jumamosi, 12 Julai

Nimeharibu kila kitu.

Elina amekuja dukani. Hakukaa. Amesema Ruanda kunawaka moto. Kina mama wa kwaya wamefikisha habari kabla mama hajarudi. Wazee wanasema mwanaume aliyekumbatiwa kiunoni na mama hawezi tena kuwa mkwe wake. Tena amekana ukwe kwa mdomo wake mbele ya mashahidi. Tena mama amemwita mwanangu barabarani na hospitalini. Kwa hiyo jambo ni rahisi: mimi ni mtoto wa nyumba ile. Na mtoto wa nyumba ile kwa Elina ni nani? Ni kaka yake.

Kaka! Nimepeleka posa nikapata dada.

Nilimweleza Elina kwamba niliahidi nisionekane, na kwamba nilivaa helmeti. Hapo ndipo alipolia. Alisema hakasirikii kumbeba mama yake, hilo atanishukuru mpaka kufa. Kinachomuuma ni kwamba nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba mimi ni mkwe, neno lile yeye amelisubiri mwaka mzima, nami nikalitupa kwa sababu ya keria ya Clever.

 Alipoondoka nilikaa chini ya meza ya duka, katikati ya makava, mteja akidhani nimefunga. Moyo unauma kweli. Pikipiki iko nje na sitaki hata kuiona.

Baba mdogo Yonathani anasema kesho twende tu. Jibu ni jibu.


Jumapili, 13 Julai

Tumekwenda kwa kosta. Hakuna aliyenitapikia, lakini hata hilo halikunifurahisha.

Wazee wamekaa sebuleni. Mama yuko chumba cha pili, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Elina yuko jikoni, mlango wazi. Mzee Alinanuswe akaniuliza swali moja: nilisema au sikusema kwamba mimi si mkwe?

Baba mdogo alinifinya. Alikuwa ameniandalia jibu refu lenye mambo ya dharura. Nikafungua mdomo, nikaona kivuli cha Elina kwenye mlango wa jikoni, nikashindwa kudanganya. Nikasema nilisema. Akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa sababu ya wivu, nilisikia jina la Clever nikapoteza akili, na wala sikuwa namfikiria Violet wakati ule, nilimfikiria baadaye barabarani. Nikasema nampenda Elina na kwamba nikikataliwa nitaelewa, lakini nitaumia sana.

 Mara sauti ikatoka mlangoni. Clever! Alikuwa amekuja kupakia magunia. Akavua kofia, akaomba radhi kwa kuingilia, akasema ni vizuri wazee wajue kwamba Ijumaa ile tairi yake ilipasuka kule Mlowo, na alifika Ruanda jua limeshazama. Mama angemsubiri yeye, Violet angejifungua peke yake. Akasema Luka ni mpuuzi, hilo yeye jirani yake analijua, lakini siku ile upuuzi ulifika kwa wakati.

Nilitamani kumkumbatia, na pia kumpiga kidogo kwa lile neno mpuuzi.

Pazia likatikisika. Mama akasema kutoka kule ndani kwamba aliyepanda pikipiki ile ni yeye mwenyewe kwa akili zake timamu, na kama kuna wa kutozwa faini waanze naye. Mzee Alinanuswe akajaribu kukaza uso. Akashindwa. Akacheka mpaka akatoa leso.

Uamuzi: nimrudishe mama kwenye nafasi yake na mimi nirudi kwenye yangu. Kuku mmoja na kitambaa cheupe, niviweke kizingitini, Elina avipokee ampelekee mama, na maneno ya Ijumaa yanafutika. Clever mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtafuta kuku, akamleta kwenye keria, mzima, hana hata unyoya uliokatika. Nikaweka. Elina akainama kupokea, akaninong'oneza kwamba safari ijayo nikiulizwa mimi ni nani niache kufikiri. Nilitokwa na machozi mbele ya wakwe. Wakwe! Nimeandika bila woga!

Mzee akamalizia kwa wosia. Mkwe ni mkwe. Asimbebe mama mkwe kamwe kwenye chombo kile, wala mama wadogo wa Elina, maana nao ni mama wakwe vilevile, hakuna tofauti. Nimeitikia kila neno, kwa moyo wote. Nimejifunza. Mimi ni mtu mwingine kabisa.


Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi nimeenda kwa Brayan. Amesikiliza injini, amesema imekomaa vizuri na ile mbio ya Ijumaa haikuidhuru. Ameniwekea cheni sawa, ameipaka mafuta. Sasa naweza kuivuta ninavyotaka. Dunia ni tamu.

Mchana simu imeita. Ni mama mdogo Jenista, mdogo wake mama yake Elina, anakaa Vwawa. Sauti ya chini, kama mtu aliyejificha. Anasema dada yake hana habari nyingine siku hizi ila mwendo wa pikipiki yangu, na yeye kesho ana safari ya Nanyala kufuata mbegu za viazi. Akauliza, kwa kuuliza tu, kama kuna njia.

Nikamkumbusha maneno ya Mzee, kwa ukali wa heshima. Akasema ndiyo, anayajua. Lakini hakukata simu.

Halafu nikapata akili! Kinachokatazwa ni kugusana. Sasa nikifunga mto wa kochi mgongoni mwangu, kwa kamba, mnene, uliofunikwa na kitenge, yeye akashika mto badala ya kunishika mimi, nani atakuwa amemgusa nani? Mto ni mto. Mzee mwenyewe akielezwa vizuri atakubali, na si lazima aelezwe.

Nimeshaufunga nikaujaribu mbele ya kioo. Umekaa vizuri sana. Nimemwambia mama mdogo awe tayari saa moja asubuhi, avae koti zito, na asimame mbele ya soko la Vwawa ili tusitafutane.